Kijiko Kimoja cha Unga wa Mchele

Niliosha mkebe.

Hilo ndilo nililowaficha wiki jana, nilipowaachia pale ambulensi inaondoka na Bi Khairunisa na mimi nimebaki jikoni peke yangu. Baadhi yenu mmeniandikia kuniuliza kama nililia au niliomba dua. Sikulia, wala sikuomba. Nilitoa mkebe kabatini, nikamwaga kilichokuwamo kwenye sinki, nikafungulia maji ya moto na kuusugua mpaka ukang'aa. King'ora kilikuwa bado kinasikika upande wa Qusais.

Mkebe uliandikwa LOZI. Ndani yake mlikuwa na unga wa mchele.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Swafiya, mtu wa Kisauni, Mombasa. Mwaka wa tisa huu niko Dubai. Mkahawa niliokuja kuupikia ulifungwa, mume niliyemwacha nyumbani akaniarifu kwa simu kwamba ameshaoa, na wakala akanipeleka Al Twar, kwa Madam Shahad, nimpikie mamake. Hayo yote nimeshayasema na sina nguvu za kuyarudia.

Mamake ndiye Bi Khairunisa. Mzaliwa wa Unguja, ameondoka kwao msichana, na Kiswahili chake bado ni kile kile alichoondoka nacho. Sukari imeshamla kidole kimoja cha mguu. Daktari alipiga marufuku wali, mkate, viazi, unga na kila kilicho kitamu.

Ndipo Madam akaja na boksi kubwa.

"Swafiya, hii ni eafraya. Inakaanga kwa upepo wa moto, mafuta hakuna. Utampikia Mama vitu vikavu, vya kukatika mdomoni, visivyo na unga. Atakula na sukari haitapanda. Yalla, jifunze."

Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza na Kichina. Aliyenisomea ni Fridah.

Fridah ni binti wa Nkubu, Meru, umri wake sawa na wa mwanangu wa kwanza. Kazi yake pale ilikuwa kumuuguza Bi Khairunisa. Chumba tulilala kimoja. Jumapili akienda kanisani mimi nashika zamu yake, na Ijumaa yeye ananishikia. Alikaa na mimi sakafuni, kitabu mapajani, akaninong'oneza kila kitufe.

"Hii ni ya moto, Anti. Hii ni ya dakika. Na hapa wanasema usijaze, vitu visilaliane."

Nilianza na bamia. Nikazipasua, nikazitia chumvi na bizari, nikazipanga. Zikatoka kama vijiti vya mswaki. Nikajaribu jibini, ikayeyuka na kupita kwenye matundu yote. Biringani zikawa ngozi ya kiatu. Ngozi ya kuku ndiyo iliyokubali, ikakauka vizuri na kulia mdomoni, lakini mtu hawezi kuishi kwa ngozi ya kuku.

"Umenipikia karatasi," Bi Khairunisa alikuwa akiniambia kila siku, na kunirudishia sahani.

"Bibi, unataka nini?"

"Nataka kachori. Mimi mtu mzima, nataka kachori, basi."

Kachori ni viazi, na ganda lake ni unga. Vyote viwili haramu kwake. Nikachukua koliflawa nikaichemsha, nikaiponda, nikatia ndimu, pilipili na kotmiri kama kawaida, nikaviringisha vidonge, nikavichovya kwenye yai na unga wa lozi. Nje zilipendeza. Ukiishika moja, yavunjika na kukutonea maji kiganjani.

Bi Khairunisa alibandua kipande, akakitazama, akasukuma sahani mbali. Siku ile hakula. Ya pili yake hakula.

Fridah akaanza kuogopa. Kabla ya kila mlo alikuwa akimpima damu kidoleni, kisha ananiuliza nimepika nini. Daktari alimwachia karatasi: chakula chenye unga, dawa kiasi hiki, kisicho na unga, kidogo tu. Anazungusha kalamu ya sindano, ile yenye dawa ya sukari ndani, hadi kwenye nambari yake na kumdunga tumboni.

"Asipokula kabisa, Anti, hii dawa itamuangusha," aliniambia. "Fanya kitu. Tafadhali."

Madam naye akaja jikoni kabla ya kwenda ofisini kwake Freezone, mkoba begani.

"Alhamisi ikifika Mama hajala, nitatafuta mpishi mwingine. Si kwa ubaya, Swafiya. Yeye ni mama yangu."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Nilikuwa na pakiti ya unga wa mchele, niliuweka kwa ajili ya kupika vibibi, mikate yangu mwenyewe ya mchele. Nikachukua kijiko kimoja. Kimoja tu, nikakichanganya na ule wa lozi. Nikavichovya vidonge, nikavirudisha kwenye eafraya, moto mia na tisini, dakika kumi na mbili, katikati nikavigeuza.

Nilipofungua, nilijua hata kabla ya kugusa. Ganda limekuwa la dhahabu, limesimama lenyewe. Nikagonga moja kwa ukucha, ikalia.

Bi Khairunisa alikula tano. Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona meno.

Madam aliporudi jioni akakuta sahani tupu na mamake anasimulia habari za harusi ya mwaka gani sijui huko Malindi ya Unguja. Akaja jikoni, akala moja iliyobaki. Akafumba macho.

"Hii haina unga? Wallahi?"

"Lozi tu, Madam."

Akanikumbatia. Msinicheke, lakini miaka tisa nilikuwa sijakumbatiwa na mtu. Nikasimama pale mikono imelowa, sijui niiweke wapi.

Hapo ndipo nilipopotea. Sikupotelea kwenye kijiko, nilipotelea kwenye kule kukumbatiwa.

Kijiko kikawa viwili. Viwili vikawa nusu kikombe, kwa sababu kadiri ulivyozidi ndivyo zilivyolia zaidi. Madam akanipiga video nikizitoa, akawapelekea marafiki zake. Wakawa wanakuja Ijumaa kuzila na kuniita shefu. Mimi, Swafiya wa Kisauni! Nikaununulia unga mkebe wake, na kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika LOZI.

Na kila siku Fridah aliniuliza, "Anti, leo ni nini?" Nami nilimjibu, "Kachori za lozi, mwanangu, hazina unga." Akampa Bibi ile dawa kidogo.

Sukari ikaanza kupanda. Fridah akapima mara mbili, mara tatu. Akabadilisha kalamu, akabadilisha sindano, akamuuliza daktari kwa simu. Akashindwa kulala kwa mawazo. Nami nililala kitanda cha pili yake, nikijua.

Wiki ya tano Bi Khairunisa hakuamka vizuri. Akawa anamwita Madam kwa jina la dada yake aliyefariki. Mengine mlishayasoma.

Alikaa hospitali siku nne. Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua, anatembea na kile chuma cha kushikilia, ila yuko mzima, Mungu asifiwe. Siku hiyo hiyo Madam akatuita sebuleni mimi na Fridah.

"Daktari anasema sukari ilikuwa juu wiki nyingi. Chakula nakijua, nimekila mwenyewe. Swafiya, chakula chako kina kitu?"

Wasomaji wangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Ningepita.

"Hakina, Madam," nikasema.

Fridah akageuka kunitazama. Nilidhani atanitazama kwa kunishuku. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesikitika kwamba mimi pia nimeingizwa katika balaa lake.

"Basi ni dawa," Madam akasema. "Fridah, dawa ilikuwa mikononi mwako. Khalas. Jumamosi Yaqoub wa kampuni atakuja kukuchukua."

"Madam, mimi nilikuwa nafuata ile karatasi..."

"Khalas, nimesema."

Yaqoub ni mtu wa ile kampuni iliyomleta Fridah. Akija huja na fomu. Fridah alinieleza chumbani, huku anakunja nguo zake, fomu hiyo ina mahali pa sababu. Wakiandika "uzembe", hakuna atakayempa tena mgonjwa wa kumtunza, si hapa wala kwengine. Alikuwa amebakiwa na mtihani mmoja apate leseni ya kuwa muuguzi kamili.

Nikamsaidia kukunja shuka.

"Unajua, Anti," akasema, "pengine ni mimi. Pengine kuna siku nilisoma hiyo nambari vibaya. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Nashindwa kukumbuka, lakini pengine ni mimi."

Lile neno ndilo lililonivunja. Angenilaani ningevumilia. Angenishuku ningekana tena, maana nilishazoea. Lakini kumwona mtu msafi anajitafutia kosa ili apate kuielewa dunia niliyoiharibu mimi, hilo lilinishinda.

Jumamosi saa tano ya asubuhi Yaqoub akafika. Akaketi mezani jikoni kwa sababu sebuleni walikuwa wanasafisha zulia. Fomu mbele yake, kikombe cha chai kando. Fridah kasimama karibu na mlango na sanduku lake. Madam kaegemea friji, anaangalia simu.

"Sababu?" Yaqoub akauliza.

"Uzembe," Madam akasema.

"Madam," nikasema, "nina neno."

Hakuinua macho. "Baadaye, Swafiya."

"Si baadaye. Ni mimi. Kachori zilikuwa na unga wa mchele. Tangu ile Jumatano ya kwanza. Fridah hana kosa, alikuwa akiniuliza na mimi namdanganya."

Kalamu ya Yaqoub ilisimama juu ya karatasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Kupigiwa kelele, kufukuzwa, hata polisi. Sikuwa nimejiandaa kwa lile lililokuja.

Madam alitabasamu.

"Swafiya. Mimi najua moyo wako ni mzuri. Nyinyi Wakenya mnapendana. Lakini usijitie kwenye moto kwa ajili yake."

"Madam, nasema kweli."

"Uko wapi huo unga?"

"Niliumwaga."

"Lini?"

"Siku ile ya ambulensi."

"Na mkebe?"

"Niliuosha."

Akamtazama Yaqoub, kama kumwambia unaona mwenyewe. Akamgeukia Fridah. "Umemwomba aseme hivi?"

"Hapana, Madam." Fridah alikuwa ananitazama mimi. Midomo yake imekuwa myeupe. "Mimi hata sikujua."

"Kachori yako nimeila mara ngapi?" Madam akaniuliza. "Marafiki zangu wote wamekula. Unataka kuniambia sote ni wajinga?"

Hapo nikaelewa. Hakuwa anakataa kwa sababu haamini. Alikuwa anakataa kwa sababu ameshawaambia watu wengi mno.

"Nipe nafasi nikuonyeshe," nikasema. "Nitazipika sasa hivi bila unga wa mchele, mbele yako. Utaziona zitakavyovunjika. Zikivunjika utaniamini?"

Madam akaangalia saa. "Haya. Yaqoub, dakika ishirini. Utakula kachori."

"Mashallah," akasema Yaqoub, na kusogeza kikombe.

Madam akasogea, nikafungua friji. Kulikuwa na koliflawa niliyoichemsha na kuiponda kabla Bibi hajarudi kutoka hospitali, nikaitia chumvi na kuifunga kwenye kitambaa chepesi cha kuchujia, nikaisahau juu ya chujio. Nikaifungua. Nikatia ndimu, pilipili, kotmiri. Nikaviringisha vidonge sita. Nikavichovya kwenye yai, kisha kwenye unga wa lozi halisi, Madam mwenyewe akaunusa kwanza. Nikavipanga, kila kimoja mbali na mwenzake. Nikawasha.

Dakika kumi na mbili.

Nimepika maisha yangu yote. Nimepikia harusi, nimepikia matanga, nimepikia watu mia tatu kwa sufuria mbili. Sijawahi hata siku moja kusimama mbele ya moto na kumwomba Mungu chakula changu kiharibike. Siku ile niliomba. Ya Rabi, zilainike. Ya Rabi, zivunjike mbele ya huyu mwanamke.

Mashine ikalia. Nikavuta kile kikapu.

Zilikuwa za dhahabu.

Nikachukua moja. Haikuvunjika. Nikaibinya. Ikalia.

Kile kitambaa. Siku mbili kwenye friji, juu ya chujio, koliflawa ilikuwa imetoka maji yake yote. Ndicho kilichokuwa kikikosekana tangu mwanzo, kukamuliwa na kungojewa, basi. Wiki tano zote nilizokuwa nikimtilia mgonjwa unga ningeweza kumpa kachori ya kweli, isiyo na dhambi, kama ningekuwa na subira ya siku mbili.

Yaqoub aliuma moja ikapiga kelele jikoni kote. "Wallahi, nzuri," akasema na mdomo umejaa.

Madam akaonja yake. Akatafuna taratibu. Akafuta vidole.

"Unaona, Swafiya?" akaniambia kwa upole kabisa. "Huna haja ya kusema uongo kwa ajili ya mtu. Yaqoub, andika."

"Madam, ni maji! Ni kwa sababu zimekauka maji, si kama zile..."

"Khalas."

"Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu!"

"Usiapie jina la Mungu kwa ajili ya kachori!"

Fridah akainama, akashika mkono wa sanduku lake. Hakunitazama tena. Ningeweza kustahimili anitazame vyovyote, ila si kuninyima macho.

Ndipo tukasikia chuma kinagonga sakafu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Bi Khairunisa alikuwa anakuja kutoka chumbani kwake, kanga kichwani, anapumua kwa tabu.

"Kelele gani hizi? Na harufu ya kachori inatoka wapi, na mimi sijaletewa?"

"Mama, rudi ukalale," Madam akasema.

"Nshalala siku nne hospitali. N'pe moja."

Fridah, kwa mazoea tu, alimvutia kiti. Akamkalisha. Nikamwekea Bibi kachori mbili kwenye kisahani.

Akauma. Akatafuna upande wenye meno. Akamaliza ya kwanza, akaila ya pili, sisi wote tumesimama tunamtazama kama watu wanaosubiri hukumu.

"Nzuri," akasema. "Hizi nzuri sana. Lakini hizi sizo."

"Sizo vipi, Mama?"

"Sizo zile. Hizi hazina unga wa mchele."

Madam akamsogelea.

"Mama unasema nini?"

"We Shahad, mimi n'mekaanga kachori toka sijavaa buibui. Mama yangu akinichapa mkono nikizidisha unga. Unadhani siujui unga wa mchele ukiwa mdomoni mwangu? Toka ile siku ya kwanza nnajua."

Nikaketi chini, hapo hapo karibu na sinki.

"Ukajua, na ukanyamaza?" Sauti ya Madam ilikuwa ndogo. "Mama, ulitaka kufa!"

"Ningesema, ningeletewa tena karatasi." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akanitazama mimi, na macho yake yakajaa maji. "Nilikufurahia, mwanangu. Ulikuja na sahani unanitazama kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nikaona tumekubaliana, mimi na wewe. Sikujua kama wewe hujui nnajua. Na huyu..." Akamtafuta Fridah kwa macho. "Huyu anafukuzwa kwa nini? Mbona hamjaniuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Madam alivuta kiti akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana mtu aliyechoka, kama sisi. Simu yake ililia mezani, hakuishika.

Yaqoub akakohoa. "Madam, samahani. Mimi nina nyumba nyengine ya kwenda. Fomu ina mahali pa jina moja. Niandike lipi?"

"Usiandike kitu," Madam akasema. Kisha akaongeza, "Ngoja. Sijui. Ngoja."

"Mimi naenda tu, Madam," Fridah akasema.

Tukageuka sote.

"Hata mkiandika jina la nani, mimi naenda. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nilitaka kumuua mtu. Sikuwa nalala. Sitaki kukaa nyumba ya kunifanya hivyo." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa afadhali. "Yaqoub, andika nimetaka mwenyewe kuondoka. Hakuna uzembe. Madam ataweka sahihi."

Madam akatikisa kichwa kukubali. Yaqoub akaandika, Madam akatia sahihi bila kuisoma.

Nilitamani nimwambie Fridah anisamehe. Lakini ningemwambia nini? Kwamba nilipenda kuitwa shefu? Alipita karibu yangu pale sakafuni, gurudumu la sanduku likapita karibu na vidole vyangu, akafika mlangoni.

Pale akasimama. Akatazama saa ya ukutani. Akamtazama Bi Khairunisa na kile kisahani kitupu.

"Nani atampa dawa?" akauliza.

Madam hakuwahi kushika sindano. Akiiona huwa anatoka chumbani. Mimi sijui hata inavyofunguliwa.

"Amekula," Fridah akasema. "Lazima apewe sasa."

Akaliacha sanduku. Akaenda kwenye sinki, nikajisogeza apite, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kama afanyavyo siku zote. Akatoa kipimo kwenye droo, akamtoboa Bibi kidole, akasoma. Akatoa ile kalamu kwenye friji. Bi Khairunisa mwenyewe akajifunua tumbo, akatazama pembeni.

Ndipo Fridah akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu nilipoapa.

"Simama, Anti."

Nikasimama.

"Amekula mbili. Ndani kuna nini?"

"Koliflawa. Ndimu, pilipili, kotmiri. Yai na lozi."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

"Nikimpa ya unga na hakuna unga, itamuangusha hapa hapa. Nikimpa ile kidogo na kuna unga, unajua. Kwa hivyo nakuuliza tena. Ndani kuna nini?"

Madam alikuwa amekula. Yaqoub alikuwa amekula. Bibi mwenyewe, ulimi wake usiokosea, alishasema. Wote waliokuwamo jikoni walijua. Lakini hakuwauliza wao, aliniuliza mimi.

"Hazina unga," nikasema. "Hazina, Fridah. Wallahi hazina."

Ilikuwa kweli.

Kidole chake kilikuwa juu ya nambari ya ile kalamu, na hakikuizungusha. Aliendelea kunitazama.